Sauti Kwenye Kundi Lililofutwa

SEHEMU YA SITA

Haya, shusheni pumzi. Wiki nzima mmenitumia jumbe, wengine mmeniita katili, na mama mmoja wa Kongwa ameapa kwamba nikimuua Lameck, gazeti hili atafungia maandazi. Mama, maandazi yasubiri kidogo. Tuendelee.

Tulimwacha Emilia Ndahani amesimama katikati ya chumba chake kule Mlimwa, skana mkononi, chai imemwagikia kanga, na hata kuungua hakuhisi.

Kwa aliyeokota gazeti hili leo kwenye kiti cha kinyozi: Emilia ndiye aliyekuwa sauti ya Kituo katika kampuni ya malori ya Uwanda Cargo. Alikuwa anaongea redioni na madereva kuanzia alfajiri mpaka magari yote yalale. Kampuni ikaleta mitambo mipya, ikamuaga kwa keki na makofi. Tangu hapo hana wa kumwita wala wa kumwitikia. Kuna siku neno lake la kwanza analisema kwa muuza maziwa, na la mwisho pia.

Ndipo akanunua skana, kile kiredio kinachonasa mazungumzo ya redio za watu, apate tu kuwasikia madereva wake wakipita.

Na mwishoni mwa sehemu ya wiki jana, skana ikamletea sauti ya Lameck Matonya, gari namba kumi na saba. "Kituo, nimeanguka na gari. Najua hakuna anayenisikia, lakini..." Halafu pwaa! Skana ikaruka, ikaanza kumsikilizisha mlinzi wa ghala anayeagiza chipsi mayai.

"Mzee Alnoor!" Emilia alipiga ukelele dirishani. "Shuka! Shuka haraka!"

Mzee Alnoor alikuwa juu ya bati, anafunga antena kwenye bomba. Huyu ndiye mwenye duka la redio Barabara ya Sita, mgane, watoto wote wako Kanada, mtu anayefunga mlango mchana ale wali wake peke yake nyuma ya kaunta. Kazi ya antena ile ni ya muda mfupi tu, lakini tangu asubuhi alikuwa hajaimaliza. Sababu mnaijua. Nyumba ile ilikuwa na chai na mtu wa kuongea naye.

"Nikishuka haraka nitashuka na mguu mmoja," alijibu. "Kuna nini, bibie?"

"Lameck ameanguka na gari! Nimemsikia kwa masikio yangu, halafu hili likaruka!"

Mzee aliacha bisibisi juu ya bati, akashuka ngazi bila kuangalia chini. Aliipokea skana, akavaa miwani.

"Inaruka kwa sababu mtandao wao mpya ndivyo ulivyo. Umewahi kwenda benki?"

"Mzee wangu, mtu yuko kwenye hali mbaya, unaniletea habari za benki?"

"Nisikilize basi! Zamani kampuni ilikuwa na dirisha moja. Ukikaa hapo, unasikia kila kitu. Siku hizi wana madirisha mengi na mstari mmoja. Dereva akibonyeza kuongea, mtambo unamwambia nenda dirisha la tatu. Akibonyeza tena, anaambiwa la tano. Wewe unachungulia dirisha moja moja. Ukifika la tatu, mwenzako keshahamia la tano."

"Sasa tunampataje?"

"Tumtafute karani anayeita namba. Kuna chaneli moja, kazi yake ni hiyo tu, kuziambia redio zote nani aende wapi. Haina sauti ya mtu. Inakwaruza mfululizo, haipumziki."

Emilia akaweka mkono mdomoni.

"Kama mafuta ya kukaangia?"

"Hiyo hiyo! Umeisikia?"

"Mzee... ile niliifungia. Siku ya kwanza tu. Ilikuwa inanipigia makelele, nikaiwekea alama iwe inarukwa."

Mzee Alnoor alimtazama juu ya miwani.

"Umemfukuza karani, halafu unalalamika huyaoni madirisha."

Jamani, Emilia! Muda wote huo ufunguo alikuwa nao mkononi, akautupa. Lakini msimcheke. Mtu anayeishi peke yake hana haja na kelele isiyo na mtu ndani yake.

Mzee alizifungua chaneli zote zilizofungiwa, akaitafuta ile yenye makelele, akaiandika iwe ndiyo kiongozi, akaiambia skana ifuate amri zake. Kioo kidogo kikawaka. Namba zikaanza kupita, moja baada ya nyingine.

"Hizi ni namba za makundi," alisema. "Madereva kundi lao, ghala kundi lao, walinzi kundi lao. Hata wakihamishwa madirisha mara mia, namba ya kundi haibadiliki. Sasa tunafuata kundi, hatufuati dirisha."

Kioo kikaandika namba moja. Emilia aliushika mkono wa mzee kabla haijapita.

"Simama hapo. Hilo ni Kundi la Kwanza. Lile langu. Si walilifuta?"

"Wamelifuta kwenye meza ya Kituo. Magari mapya hawakuwekewa. Lakini malori ya zamani bado yanalo kwenye swichi."

"Sasa mtu akiongea humo, nani anamsikia?"

Mzee alibonyeza kitufe cha kulishikilia kundi lile lisiruke tena.

"Sisi, bibie. Sisi tu."

Na hapo hapo sauti ikaja, ya chini, ya mtu anayehema, ikisalimia Kigogo.

"Mbukwa, Kituo. Ni mimi tena, kumi na saba. Mguu umebanwa na usukani. Redio yenyewe siifikii, nimebaki na hiki kipaza mkononi, na swichi iko huku huku kwetu. Nilikuwa ndio nimeigeuza tu, nije kukuambia nimefika."

"Kumi na saba, Kituo nakusikia!" Emilia aliikumbatia skana kwa mikono miwili. "Kumi na saba, sema uko wapi!"

"Bibie..."

"Kumi na saba, jibu!"

"Bibie. Hiyo inasikia tu. Haisemi."

Wapo kati yenu waliowahi kumpigia mtu simu isipokelewe. Upande huo mnaujua. Emilia alikuwa upande wa pili. Anaitwa kwa jina la kazi yake, na mtu pekee duniani aliyeweza kuitika ni yeye, na hana mdomo.

"Kila siku nikifika nageuza swichi nakuja huku kusema nimefika," Lameck aliendelea. "Halafu ndio narudi kwa wenzangu wapya. Vijana wanasema nimechanganyikiwa, naongea na hewa. Sawa. Hewa hii naijua. Ilikuwa inaniuliza kama nimekula." Akakohoa, kikohozi kibaya. "Shati jipya lote damu, Kituo. Na leo ndio nilitaka nionekane mtu."

Emilia alilia. Hakujificha, hakugeuka ukutani. Alilia mbele ya mzee Alnoor na bisibisi yake, kwa sababu miezi yote aliyokaa humu akiitafuta sauti ile kwenye mikwaruzo, yenyewe ilikuwa inamjia kila siku, kwa jina lake, na skana yake inairuka.

"Mbona hasemi yuko wapi?" mzee aliuliza. "Aseme basi tujue!"

"Atamwambia nani? Anajua yuko peke yake."

Hapa sharti niwarudishe nyuma hatua moja, na asiyetaka asinune. Siku ya mwisho ya Emilia kazini, Lameck alimwomba uchumba redioni. Redioni! Madereva wote masikio wazi, kuanzia Bahi mpaka Gairo. Emilia aliona aibu akatafuta pa kujificha, akajibu kwa mzaha: "Ukitaka jibu, nenda kaliulize kwa kaka yangu, kijijini Mlali." Madereva walicheka mpaka redio ikapasuka. Lameck hakucheka. Wala hakuuliza tena. Na Emilia akaenda nyumbani na keki yake.

Turudi Mlimwa. Emilia alimpigia Lameck simu, haipatikani. Akapiga Kituo.

"Uwanda Cargo, karibu. Ee, mama Emilia! Shikamoo! Jamani tumekumisi." Huyu ni Debora, binti aliyekalia kiti chake.

"Marahaba, mwanangu. Kumi na saba yuko wapi?"

"Kumi na saba... amepakia mafuta ya alizeti Kibaigwa, anapeleka Kibakwe. Asubuhi aliripoti vizuri tu. Kwani vipi?"

"Ameanguka. Ingia Kundi la Kwanza umwitikie."

"Mama, kwenye meza yangu hakuna Kundi la Kwanza. Lilifutwa." Debora akasita. "Na wewe umejuaje kama ameanguka?"

Kabla hajajibu, simu ikahamia mkono mwingine. Sauti ya Thomas, msimamizi wa uani.

"Swali hilo hata mimi nataka jibu lake, mama. Umejuaje?"

Mngekuwa ninyi mngesema nini? Angeweza kusema Lameck kampigia. Thomas angeijaribu namba ile ile, aambiwe haipatikani, na uongo ungeishia hapo hapo.

"Nawasikiliza," Emilia alisema. "Nilinunua skana. Nawasikiliza kila siku."

Thomas akapandisha sauti.

"Unajua hilo ni kosa? Unajua naweza kukupeleka polisi?"

"Nipeleke. Lakini tuma gari kwanza."

"Nitume gari kwa neno la mtu anayetudukua! Nitawapigia Kibakwe. Wakisema hajafika, ndio tutaongea. Kwaheri."

Akakata. Emilia aliitazama simu, kisha akamtazama mzee.

"Malori ya zamani bado yana kundi letu kwenye swichi, umesema?"

"Nimesema."

"Gari la Meshack ni la zamani. Ni bovu, liko uani Kizota. Juzi nimemsikia akilalamikia gia." Alikuwa tayari amevaa ndala, moja yake, moja ya kuogea. Mlangoni akasimama. "Sasa huyu nani atamsikiliza?"

"Mimi," mzee Alnoor alisema, akavuta kiti mpaka mbele ya skana. "Nenda. Mtu asiachwe anaongea peke yake."

"Hata hajui kama upo."

"Najua mimi."

Bajaji ilimfikisha Kizota na vumbi lake lote. Njiani simu ikaita, mzee Alnoor.

"Bibie, amenyamaza. Anabonyeza tu, nasikia tk, kimya, tk, kimya. Maneno hayaji tena."

"Anapumua?"

"Mtu aliyekufa habonyezi. Mwambie dereva wako akanyage mafuta."

Mlinzi wa getini alimjua, akafungua bila kuuliza. Meshack alikuwa chini ya lori, miguu nje.

"Meshack! Toka humo!"

Kichwa kikatoka, kimejaa grisi, macho yamemtoka.

"Kituo! Shikamoo, Kituo! Umerudi kazini?"

"Betri ya gari lako nzima?"

"Betri nzima, gia ndio..."

"Gia sina shida nayo. Nataka redio."

Thomas alikuwa ameshatoka ofisini, anakuja mbio mbio, kidole kimetangulia. Nyuma yake Debora, vipaza vya masikioni vinaning'inia shingoni.

"Huingii kwenye gari la kampuni!" Thomas alisema. "Wewe ni wa kukamatwa, si wa kupanda gari!"

Lakini Debora alimpita msimamizi wake akasimama mbele ya Emilia.

"Mama, kumbe ulikuwa unatusikiliza. Hata siku ile niliyolia?"

"Nilikusikia, mwanangu. Ulilipeleka gari la Singida njia siyo, wakakucheka."

"Mbona sikujua kama kuna mtu..."

"Nilitamani nikuitikie. Sikuwa na pa kuongelea."

Debora alifuta pua kwa kiganja, akamgeukia Thomas.

"Bosi, Kibakwe wamesema hajafika. Simu yake haipatikani. Mimi naenda kutangaza, ukitaka nifukuze nikimaliza." Akakimbia kurudi ndani.

Thomas alibaki na kidole chake hewani. Mwisho akakishusha. Si mtu mbaya, Thomas, ana woga tu wa kuulizwa na wakubwa.

"Panda basi," alisema. "Na nasali uwe umekosea."

Meshack aliwasha redio. Kwanza walimsikia Debora kwenye kundi jipya: "Magari yote ya zamani, magari yote ya zamani. Geuzeni Kundi la Kwanza. Kituo anawaita. Kituo mwenyewe."

Emilia akazungusha swichi mpaka mwanzo. Kipaza kilikuwa kizito kama alivyokizoea. Akabonyeza.

"Mbukwenyi, magari. Tunaita majina."

Sasa wageni, eleweni jambo moja. Enzi za Emilia magari yaliitwa kila jioni kwa mpangilio wa namba. Namba isipoitika, Kituo hakiruki. Wote wanangoja, hakuna anayeruhusiwa kuzima redio akale, hata kama mkewe amesimama mlangoni. Mitambo mipya haiiti mtu. Inaonyesha nukta tu kwenye kioo.

"Kumi na moja."

Mkwaruzo. Kisha: "Kumi na moja, niko Gairo mlimani. Karibu nyumbani, Kituo."

"Kumi na nne."

"Kumi na nne, nimetoka Mpwapwa, napandisha njia ya Kibakwe. Debora kaniambia nimtafute mwenzetu. Naangalia makorongo yote."

"Kumi na sita."

"Kumi na sita, Joshua. Natoka Pandambili naingia njia ya vumbi, nafuata mahindi. Mungu akubariki, dada, nilidhani umekufa."

"Sijafa. Kumi na saba."

Hakuna.

"Kumi na saba."

Hakuna. Uani Kizota watu walikuwa wamekusanyika kuzunguka lori la Meshack, mafundi, wapakiaji, mama wa chakula na sufuria lake. Kumi na nane hakuitika. Ishirini hakuitika. Hawakuitwa, na walijua zamu bado si yao. Madereva wote wa zamani walinyamaza barabarani, kila mmoja kwenye gari lake, wakamngoja mwenzao.

"Kumi na saba, Kituo anakusikia. Tangu mchana anakusikia, ila hakuwa na mdomo. Kama huwezi kusema, bonyeza tu."

Tk.

Meshack alipiga kofi usukani. Mama wa chakula akasema Yesu na Maria.

"Mara moja ni ndiyo," Emilia alisema, machozi yanashuka na hayafuti. "Mara mbili ni hapana. Kumi na saba, unanisikia mimi?"

Tk.

"Uko njia ya Kibakwe?"

Tk. Tk.

Thomas, aliyekuwa na simu sikioni anawaelekeza watu wa Mpwapwa waende njia ya Kibakwe, aliiteremsha taratibu.

"Amesema hapana? Maagizo yake ni Kibakwe!"

"Kumi na nne, simama hapo ulipo," Emilia aliagiza. "Kumi na saba, ulifika Mpwapwa?"

Tk. Tk.

"Kongwa ulipita?"

Ikakawia. Kisha, hafifu: tk. Tk.

"Hakupita Kongwa?" Meshack alishangaa. "Sasa mtu wa Kibaigwa kwenda Kibakwe, asipopita Kongwa anapita wapi? Labda ashike njia ya Pandambili, akatokezee..."

Akakoma. Akamtazama Emilia. Wapakiaji wakatazamana. Siku ile ya keki wote walikuwepo, wote walicheka.

Shati jipya. Leo nilitaka nionekane mtu.

Emilia alibonyeza, na sauti ya Kituo ilimtoka ndogo kuliko siku zote.

"Kumi na saba. Ulikuwa unaenda Mlali?"

Tk.

Hakupata hata muda wa kupumua, simu yake ikaita kifuani. Kaka Bartolomayo. Aliipokea kwa mkono wa kushoto.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Emilia, wewe mtoto ni wa kututumia mkwe bila kutuarifu? Juzi kanipigia mtu anaitwa Lameck, ananiambia ulimwambia jibu lake liko kwangu. Nimeita wazee. Wamekaa tangu asubuhi, kuku amekwisha pikwa, ugali umepoa, mtu hajatokea! Umeniaibisha kwa baba zako wote. Nikimwona nimwambieje mtu wa namna hiyo?"

"Kaka, msimsubiri," Emilia alisema. "Amekuja. Alikuwa ndio anafika hapo hapo Mlali, akaanguka na gari, limembana mguu. Waambie wazee wainuke, waambie vijana, chukueni kamba na shoka mkamtafute. Ni mkwe wenu huyo. Mimi nimemkubali. Nilimkubali siku ile ile, kaka, niliona aibu tu watu wakicheka. Mwendeeni!"

"Mungu wangu," alisema Bartolomayo, na viti vikasikika vikisogezwa.

Emilia alishusha simu. Ndipo akaona watu wa uani wote wanamtazama mkono wa kulia, naye akautazama. Kidole gumba chake kilikuwa bado kimekandamiza kitufe cha kipaza. Tangu mwanzo. Kila neno alilosema lilikuwa limekwenda Gairo, limekwenda Kibakwe, limekwenda kila gari la zamani lililokuwa barabarani siku hiyo.

Akakiachia. Safari hii hakucheka mtu.

Walingoja mpaka Meshack akaanza kuangalia waya wa betri. Kisha ikaja.

Tk.

Mara moja tu.

Emilia aliinamisha uso kwenye kipaza. Debora, aliyekuwa amerudi na kusimama kwenye ngazi ya lori, alimshika bega.

"Kituo, kumi na sita." Ilikuwa sauti ya Joshua, na injini yake inanguruma nyuma. "Samahani kuwaingilia, dada yangu. Nimefika juu ya mteremko wa Mlali. Korongo naliona, na tairi za lori naziona, zimetazama juu."

"Mteremkie, Joshua! Kumi na saba yuko hai, mteremkie!"

"Nashuka, Kituo. Nashuka sasa hivi." Joshua akavuta pumzi, na kila mtu uani alimsikia akiivuta. "Mafuta yamemwagika mpaka huku barabarani. Na nauona moshi."